Nyumba Mpya, Shoka Lile Lile

Kila mara maji yakiisha kupita, twasikia maneno haya: «Kwanza watu wapate nyumba, habari ya miti tutaitazama kesho.» Maneno hayo yana sura ya huruma. Sisi twayakataa.

Kumbukeni Kalehe, katika Kivu ya Kusini. Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa Alhamisi, siku ya soko la Nyamukubi, na watu wengi walikuwa wametoka mbali. Mvua ikanyesha, mito ikafurika, matope na mawe yakashuka toka milimani, yakafagia nyumba za Nyamukubi na Bushushu hata ziwani. Maiti zilizoonekana zilipita 400; wengine hawakuonekana tena. Wako wasemao: ni amri ya Mungu. Mvua yatoka juu, ndiyo. Lakini ni nani aliyeinyoa milima? Mlima wenye miti hunywa maji polepole, na mizizi hushika udongo. Mlima mtupu huyaachilia yote kwa mara moja, na udongo wake pia.

Basi, aliyepoteza nyumba ahitaji nini? Nguzo, mbao, matofali ya kuchoma, makala ya kupikia. Vyatoka wapi? Mlimani pale pale, juu ya kichwa chake! Na tanuru la matofali hula kuni usiku na mchana.

Hatumlaumu mjane mwenye shoka. Analala nje na watoto. Twawalaumu wakubwa waliokuja na mahema na mabati, wakapigwa picha, wakaenda zao, wala hawakuuliza nguzo zitakatwa wapi. Mabati hayasimami hewani. Mwenye motokari ya kuleta mabati ashindwe kuleta mbao za mikaratusi iliyopandwa ili ikatwe? Tena liko tofali la udongo uliogandamizwa kwa mashine pamoja na saruji kidogo, nalo halitaki moto kamwe. Huko Goma, Nyiragongo ilipotapika tarehe 17 Januari 2002, watu waliyavunja mawe ya lava ile ile, wakajengea misingi na kuta. Nyamukubi nako mafuriko yaliacha mawe tele.

Neno moja tena, la kingo za mito. Wakubwa hupenda kusema: «Msijenge tena hapa.» Wasema kweli. Lakini kumwambia mkulima ahame pasipo kumpa shamba, ni kumwambia arudi usiku. Wampe kwanza shamba, na miche ya kupanda kandokando yake, kiisha wamwambie ahame.