Uhalisia Pepe: Istilahi Iliyosahau Jukwaa

Istilahi "uhalisia pepe" imeenea bila kuhojiwa ipasavyo. Kwa wahakiki wa fasihi, "uhalisia" ni mkondo wa uandishi. Kilichokusudiwa, bila shaka, ni "uhalisi". Na "pepe", kwa mkulima wa mpunga, ni punje tupu. Antonin Artaud wa Ufaransa aliitumia dhana hii katika kitabu chake cha 1938 kuhusu sanaa ya jukwaani, miaka 30 kabla ya Ivan Sutherland kuonyesha kifaa cha kuvaliwa kichwani, kizito hata kikaning'inizwa darini. Jaron Lanier aliieneza katika kompyuta mnamo miaka ya 1980. Leo marubani na madaktari wa upasuaji hujifunzia humo, na mvaaji hushikwa na kizunguzungu kisicho pepe hata kidogo. Vifaa vitakapozidi kuwa vyepesi, wanaistilahi watawahitaji wanatamthilia zaidi ya wahandisi.