Fedha za shule humfuata mwalimu

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa jumuiya yetu hapa Texas alikwenda Ntobeye, wilayani Ngara, Tanzania, kuzika. Siku moja kabla ya kurudi alipita kwenye shule aliyosoma, akapiga picha ubao wa matangazo, akaituma kwenye kundi letu. Ni karatasi ya daftari la hesabu, imebanwa kwa pini mbili, kona moja imejikunja kwa jua. Mwandiko ni wa kalamu ya bluu, umenyooka: ruzuku ya uendeshaji iliyopokelewa mwezi huu, shilingi 297,500. Chini yake yameorodheshwa matumizi: chaki, rimu za karatasi, kudurufu mitihani, kufuli la stoo, nauli ya mwalimu mkuu kwenda na kurudi Ngara mjini.

Kundi liliwaka moto usiku ule. Laki tatu kasoro kwa shule nzima, kwa mwezi mzima? Wapo walioandika bila kupepesa kwamba kuna mtu amekula. Nilikaa na ile picha hadi usiku wa manane nikiipigia hesabu, na nawaambia wazi: hakuna aliyekula. Shule ina wanafunzi 595. Kila mmoja anahesabiwa shilingi 6,000 kwa mwaka. Zidisha, kisha gawa kwa miezi 12, utapata 297,500 kamili. Mwalimu mkuu aliyebandika karatasi ile anastahili shukrani zetu, si matusi.

Hiyo 6,000 ina historia. Ada ya shule za msingi ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouita MMEM, kuanza mwaka 2002, serikali iliahidi ruzuku ya dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Wakati ule dola moja ilikuwa kama shilingi 1,000, kwa hiyo ikaandikwa shilingi 10,000. Katika hizo, 4,000 zilitengwa kwa vitabu na 6,000 zikawa za shule. Miaka ikapita. Elimu bila malipo ilipotangazwa mwishoni mwa 2015 na kuanza Januari 2016, kiwango kilikuwa kilekile, 10,000. Leo dola moja inazidi shilingi 2,000, na sote tunajua bei ya rimu ya karatasi imekwenda wapi.

Kwa haki lazima tuseme kilichorekebishwa. Zamani ruzuku ilipitia halmashauri, na uchunguzi wa mtiririko wa fedha uliofanywa miaka ile ulikuta shule zikipata pungufu ya zilichoahidiwa, tena kwa kuchelewa. Tangu Januari 2016 fedha zinatoka Hazina moja kwa moja hadi akaunti ya shule. Ndiyo maana mwalimu mkuu wa Ntobeye anaweza kuandika tarakimu isiyo na utata, na mtu aliyeko Texas akaihakiki kwa kalamu. Hiyo ni hatua kubwa.

Lakini kanuni yenyewe ni bapa. Mtoto wa Ntobeye ni 6,000 na mtoto wa Kinondoni, Dar es Salaam, ni 6,000. Mtu akiitazama harakaharaka ataiona ni haki. Tatizo ni kwamba Kinondoni kuna mabenki, hoteli na makampuni yanayolipa ushuru wa huduma kwa halmashauri kulingana na mauzo yao, na shule ikikwama halmashauri ina pa kushika. Ngara inategemea ushuru wa kahawa, maharage na gulio. Nikeli ya Kabanga, wilayani humo, tumeisikia tangu tukiwa watoto. Siku mgodi ukianza kuuza, ushuru wa huduma utakuwa habari nyingine, lakini mtoto wa darasa la pili hawezi kuusubiri.

Haya yote, hata hivyo, si kiini cha jambo. Tumezoea kubishana kuhusu ruzuku kwa sababu ndiyo inayobandikwa ubaoni. Fedha kubwa ambayo serikali inaipeleka shuleni haibandikwi popote. Ni mshahara wa mwalimu.

Mwalimu wa shule ya msingi anayeanza kazi analipwa zaidi ya shilingi 400,000 kwa mwezi. Yaani mwalimu mmoja tu, tena mgeni kazini, ana thamani kubwa kuliko ruzuku ya shule nzima ya watoto 595. Kipimo cha serikali ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, kwa hiyo shule ile inastahili walimu 13. Mwenzetu aliwahesabu: wako 7. Wale 6 wasiokuwepo ni zaidi ya shilingi milioni 28 kwa mwaka ambazo zimetengwa kwa ajili ya watoto wa Tanzania na hazifiki Ntobeye. Ruzuku ya mwaka mzima ni milioni 3 na nusu hivi. Tunagombania kufuli la stoo huku tukipoteza mara nane ya ruzuku yote bila kujua.

Fedha hizo zinakwenda wapi? Zinakwenda aliko mwalimu. Mwaka 2004 serikali iliweka kanuni za kugawa ruzuku kwa halmashauri kwa kila sekta. Ya afya ilitazama idadi ya watu, umaskini, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano na urefu wa njia anayopita mganga kwa gari. Ya elimu ya msingi ilitazama idadi ya watoto wenye umri wa kwenda shule. Ingefuatwa, wilaya zenye watoto wengi na walimu wachache, kama Ngara na Biharamulo, zingepata fedha za kuajiri mpaka pengo lizibike. Haikufuatwa, kwa sababu mshahara hulipwa kwa mtu, si kwa mtoto. Mwalimu akiwa Dar es Salaam, mshahara wake uko Dar es Salaam. Akihama Ntobeye kwenda Mwanza kumfuata mwenza wake, anaondoka nao. Hakuna waziri aliyekuwa tayari kupunguza mishahara ya mijini ili hesabu ya kanuni itimie, na orodha ya malipo ikaishinda kanuni.

Wengi wetu tunaishi hapa Houston, na watoto wetu wanasoma shule za umma za Texas, kwa hiyo tunayo mizani ya kulinganishia. Hapa jimbo huanza na kiwango cha msingi kwa kila mwanafunzi, kilichokuwa dola 6,160 tangu 2019 na kikaongezwa dola 55 tu mwaka 2025. Kumbe kuganda kwa kiwango si ugonjwa wa Tanzania peke yake. Lakini mtoto wa hapa ana uzito. Mtoto anayetoka katika nyumba maskini anaongezewa kati ya asilimia 22.5 na 27.5 ya kiwango. Anayejifunza Kiingereza, kama wanetu walipofika, anaongezewa asilimia 10. Wilaya ndogo za shule zilizo mbali nazo zina nyongeza yao. Tena hesabu ni ya mahudhurio, si ya majina yaliyoandikishwa. Ndiyo maana mtoto akikosa siku moja simu inaita nyumbani kabla ya saa sita mchana: kiti kitupu ni fedha iliyopotea.

Na uzito huo haukudondoka mbinguni. Mwaka 1968 wazazi wa Edgewood, mtaa maskini wa San Antonio, wengi wao wenye asili ya Meksiko, walifungua kesi wakiongozwa na fundi mabati, Demetrio Rodriguez. Walilipa kodi ya nyumba kwa kiwango kikubwa, lakini nyumba zao zilikuwa za thamani ndogo, kwa hiyo shule zao zilipata kidogo. Mwaka 1973 walishindwa katika Mahakama ya Juu ya Marekani kwa majaji 5 dhidi ya 4. Wazazi hawakunyamaza. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Texas iliwapa haki kwa sauti moja, na mwaka 1993 ikatungwa sheria inayochukua sehemu ya kodi za wilaya tajiri na kuzigawia maskini. Miaka 25 tangu siku waliyofungua faili.

Nirudi Ntobeye. Jumuiya hii kila mara ikichanga, inachanga kwa ajili ya darasa. Tunapenda darasa kwa sababu linapigwa picha. Lakini madarasa ndicho kitu ambacho serikali imeonyesha inaweza kukijenga kwa kasi: mwaka 2021, kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, ilijenga vyumba 15,000 nchi nzima, kila kimoja shilingi milioni 20. Chumba tulichokichangia sisi kina sakafu nzuri na madawati mapya. Mwenzetu alikuta kimefungwa. Darasa la tatu na la nne wamebanwa pamoja chumba cha pili, kwa kuwa mwalimu ni mmoja na hawezi kusimama mbele ya mbao mbili.

Nakumbuka mwalimu wa kike aliyepangwa shuleni kwetu nikiwa darasa la tano. Alishuka na sanduku moja na godoro lililofungwa kamba ya katani. Nyumba haikuwepo. Alilala stoo, kati ya magunia ya maharage ya shule na majembe ya bustani, akichota maji mtoni pamoja nasi asubuhi. Alikuwa hodari wa hisabati kuliko wote niliowahi kuwa nao, hadi leo naona mkono wake ukichora duara ubaoni bila bikari. Alivumilia muhula mmoja na nusu. Mvua za masika zilipoingia stoo ikavuja, akaomba uhamisho, akapata. Hatukupewa mwingine hadi nilipomaliza la saba.

Jarida hili kwa hiyo linasimama hadharani na kusema: mchango wa mwaka huu uwe wa nyumba ya mwalimu. Nyumba pacha ya familia mbili, yenye choo cha ndani, tenki la kuvunia maji ya mvua na umeme wa jua. Mwalimu akipata pa kulala na kufungia mlango wake, atakaa. Akikaa, mshahara wake unakaa, kila mwezi, miaka yote, bila sisi kuchanga senti. Hakuna darasa tutakalojenga litakaloleta shilingi laki nne na zaidi kwa mwezi.

Nyumba tuijenge kwa utaratibu. Tangu elimu bila malipo ianze, michango ya shule ina masharti yake, na ni vizuri iwe hivyo. Tuanze na kamati ya shule na serikali ya kijiji, mhandisi wa halmashauri achore, mkurugenzi apate barua yetu. Tumuombe pia afisa elimu ahakikishe kwamba nyumba ikikamilika, nafasi za walimu wawili zinaombwa kwa ajili ya shule hiyo, zisipelekwe kwingine.

Wakati tukingoja, kila mmoja apige simu nyumbani. Takwimu za shule hukusanywa kila Machi, na mtoto asiyeandikishwa hana ruzuku wala hahesabiwi katika mahitaji ya walimu. Muulize shangazi, muulize kaka: yupo mtoto anayechunga mbuzi wakati wenzake wako darasani? Aandikishwe. Na mbunge akija kututembelea huku, kama wanavyopenda kuja, tusimuulize kuhusu barabara peke yake. Tumuulize ni lini mtoto wa kijiji cha mpakani atapewa uzito katika kanuni ya ruzuku, na ni lini ile 10,000 ya mwaka 2002 itaguswa.

Kikao cha wanachama wote kitapigia kura pendekezo hili Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi jioni. Mweka hazina atakuja na makadirio ya gharama. Tafadhali fikeni, na mje na jibu lenu.