RUBANI MOON NA MAJI YA RUFIJI

Mtoto wa Shimoni hufundishwa mapema kwamba maji ya mikokoni si ya kufanyiwa mzaha: yakijaa humwingiza mtu mkononi mwa bahari, na yakipwa humtoa mpaka bahari kuu. Edwin Rowland Moon, rubani wa vita, alijifunza jambo hilo kwa mateso.

Moon alizaliwa mwaka 1886, naye alitoka katika jamaa ya waunda mashua wa Southampton, Uingereza. Kwa ujuzi ule ule wa mbao aliunda eropleni yake mwenyewe, akairusha mwaka 1910 katika shamba ambalo sasa ni kiwanja cha ndege cha mji huo. Vita Kuu ilipozuka aliingia katika kikosi cha ndege cha jeshi la maji, akaletwa pwani ya Afrika ya Mashariki.

Tarehe 6 Januari 1917 aliruka juu ya midomo ya Mto Rufiji pamoja na Kamanda Bridgeman, kuwapeleleza Wajerumani. Mtambo ukaharibika, wakalazimika kushuka katika kijito. Waliiharibu ndege yao isitwaliwe na adui, kisha wakatangatanga mikokoni karibu bila chakula. Siku ya pili waliunda chelezo cha boriti tatu na maboya, wakapiga makasia usiku na mchana. Alfajiri ya tarehe 9 maji yakawachukua baharini, na huko Bridgeman akafa kwa taabu ile. Moon aliifikia nchi kavu alasiri, karibu ya kuzirai, akatekwa.

Baadaye alitunukiwa nishani ya DSO. Lililosifiwa si maadui aliowaua, bali ushujaa wake katika kujaribu kumwokoa mwenzake.

Vita ilikwisha naye yu hai, wala hakuacha kazi ya urubani. Tarehe 29 Aprili 1920, huko Felixstowe, ndege yake ya maji ilianguka, akafa. Umri wake ulikuwa miaka 33.

Katika vita ile ile wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawana kaburi lijulikanalo. Amkumbukaye Moon na awakumbuke na hao. Heshima yao wote ni moja, na kila nahodha wa Shimoni aijua: mwenzako wa chomboni haachwi majini.