Ngoma za Kongo Kando ya Mto wa Fedha

Leo twavuka bahari kubwa ya Atlantiki, tukautazame mji wa Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, katika Amerika ya Kusini. Katika miji mikuu yote ya bara la Amerika, hakuna ulio kusini kuliko huu. Una watu karibu milioni 1 na laki 3, nao ni zaidi ya theluthi moja ya watu wote wa nchi ile.

Twauendea mwishoni mwa mwezi wa Septemba. Majira ya huko ni kinyume cha yale ya Ulaya: wakati majani yanapoanza kupukutika Ulaya, miti ya Montevideo ndiyo kwanza inachipua. Tarehe 22 au 23 Septemba mchana na usiku hulingana, na tangu hapo mchana huzidi kurefuka. Lakini mgeni asidhani kwamba baridi imekwisha. Alfajiri huwa na nyuzi 10 hivi, na mchana hupanda hadi 17 tu. Tena uko upepo uitwao pampero, utokao kusini-magharibi katika mbuga za Argentina, ambao hupenya nguo kama maji yapenyavyo kikapu. Wazee wa huko husema kwamba baridi haiagi pasipo tufani ya Mtakatifu Rosa, kwa kuwa sikukuu yake hufanywa huko tarehe 30 Agosti, na siku zile watu hungojea mvua ya radi. Mwaka mmoja huja, mwaka mwingine haiji, ila hakuna asiyeizungumza. Basi msafiri achukue koti zito.

Kitu cha kwanza atakachokiona ni maji. Mji umejengwa juu ya ukingo wa Río de la Plata, maana yake Mto wa Fedha. Waspania waliupa jina hilo kwa tamaa ya madini, ingawa kandokando yake hawakuyakuta. Mahali unapoingia baharini, mto huo una upana wa kilomita 220 hivi, wala macho ya mtu hayawezi kufika ng'ambo. Siku nyingine maji yake ni ya rangi ya udongo, kwa sababu ya matope yaletwayo na mito mikubwa ya bara. Siku nyingine maji ya chumvi husukumwa ndani, na yote yakageuka kijani. Kando ya maji hayo imejengwa barabara iitwayo Rambla, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 20. Jua la Septemba likitokea tu, watu wote hutoka kutembea huko, wazee na vijana, mama na watoto wao.

Utawaona wengi wamebana chupa ya maji ya moto kwapani, na mkononi wameshika kibuyu kidogo chenye mrija wa chuma. Hicho ndicho kinywaji chao, mate, majani makavu yamwagiwayo maji ya moto. Kibuyu ni kimoja, na mrija ni mmoja, kwa watu wote walioketi pamoja. Mmoja wao ndiye mgawaji: humtilia mwenzake maji, naye hunywa mpaka mwisho, kisha humrudishia ili amtilie mwingine. Yafaa mgeni ajue jambo moja: akisema «asante» wakati wa kurudisha kibuyu, watafahamu kwamba ametosheka, wala hatapewa tena!

Katika mji wa kale, ambao Waspania waliuanzisha kati ya miaka 1724 na 1726, bado lingalipo lango la mawe la ngome yao. Karibu yake yapo Kanisa Kuu, jumba la michezo la Solís lililofunguliwa mwaka 1856, na jengo refu la Salvo lililomalizika mwaka 1928. Tena tangu mwaka 1995 Uruguay ina desturi nzuri ya siku za urithi wa taifa, ambazo mara nyingi huangukia mwanzo huo wa majira ya kuchipua. Siku hizo milango ya majumba makubwa hufunguliwa bure, na familia nzima huingia kuangalia zile nyumba ambazo siku zote huziona kwa nje tu.

Mgeni akikomea hapo, atarudi kwao akisema, «Nimeona mji wa Wazungu uliohamishwa ukawekwa Amerika.» Atakuwa ameona kweli, lakini nusu yake tu. Namwomba angojee Jumapili, jua linapoelekea kutua, ashuke katika mitaa iitwayo Barrio Sur na Palermo, karibu na maji.

Huko ataona moto umewashwa kando ya njia, na ngoma zimepangwa kuuzunguka. Moto ule si wa kuota. Ngozi za ngoma zikipata joto hukazika, na sauti yake hupanda. Mpigaji huigonga, husikiliza, huisogeza tena. Ngoma hizo ni za namna tatu. Iliyo ndogo huitwa chico, nayo hupiga mwendo mmoja bila kuchoka. Ya kati huitwa repique, nayo huita na kujibu. Iliyo nene kupita zote huitwa piano, na sauti yake ni nzito kama ya mzee barazani. Kila mpigaji huning'iniza ngoma yake begani kwa ukanda, hupiga kwa fimbo moja na kiganja kitupu cha mkono wa pili, na wote huondoka kwa pamoja, wakitembea polepole katikati ya barabara. Watu hutoka milangoni na kuwafuata. Mchezo huu huitwa candombe. Wataalamu wengi wa lugha husema kwamba jina lenyewe ni la asili ya Kibantu.

Ngoma hizi zilifikaje kule? Mwaka 1791 mfalme wa Uspania aliifanya Montevideo kuwa mlango wa kuingizia watumwa katika nchi za Río de la Plata. Maelfu ya watu walishushwa katika bandari ile, wakauzwa mume huku na mke kule, mama huku na mtoto kule. Waliandikwa katika vitabu vya wafanyabiashara kwa majina ya «mataifa»: Kongo, Angola, Benguela, Mina, Msumbiji. Tusisahau kwamba majina hayo hayakuwa ya vijiji vyao. Mara nyingi yalikuwa majina ya pwani walikopakiwa. Mtu aliyetembezwa kwa miguu miezi mingi toka bara hadi pwani ya Atlantiki aliitwa Mkongo, na jina la baba yake, la ukoo wake na la mto wa kwao halikuulizwa na mtu.

Lakini watu hao waliyatwaa majina yale ya wafanyabiashara, wakayafanya kuwa nyumba zao. Kila «taifa» lilijichagulia mfalme na malkia, likawa na mahali pake pa kukusanyika, likachanga fedha kwa kuzika maiti na kusaidia wagonjwa. Sikukuu yao kubwa ilikuwa tarehe 6 Januari, siku ya Mamajusi, maana mmoja wa wale watatu, Baltazari, huchorwa akiwa mtu mweusi. Siku hiyo wafalme wa Kongo na wa Angola walivaa vizuri, wakaenda kanisani pamoja na watu wao, kisha wakawasalimu wakuu wa nchi, na baadaye wakacheza ngoma. Wakuu hawakupendezwa sikuzote. Mwaka 1807 baraza la mji lilikata shauri la kuzikomesha ngoma za watu weusi. Ngoma hazikukoma.

Utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1842 na serikali ya Montevideo, na mwaka 1846 na serikali nyingine iliyoshindana nayo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hata uhuru huo haukuwa wa huruma tupu: pande zote mbili zilihitaji askari, na wanaume wengi walitoka shambani kwa bwana wakaingizwa moja kwa moja vitani.

Baadaye wajukuu wao walikaa katika majumba makubwa ya kupangisha, yaliyoitwa conventillo: vyumba vingi vinavyouzunguka ua mmoja, familia moja chumba kimoja, kisima na kamba za kuanikia nguo ni za wote. Lililojulikana kuliko yote lilijengwa mwaka 1885 huko Barrio Sur, likaitwa Mediomundo, yaani «nusu ya dunia». Katika ua ule wanawake walifua nguo za matajiri, na watoto walijifunza kupiga ngoma kwa kugonga makopo na masanduku kabla hawajaruhusiwa kushika ngoma za baba zao.

Mwaka 1978, wakati wa utawala wa kijeshi, ilitolewa amri kwamba Mediomundo libomolewe. Tarehe 3 Desemba ngoma zilipigwa katika ua ule kwa mara ya mwisho. Baada ya siku chache wenyeji walitolewa, na nyumba ikabomolewa. Familia zilitawanywa, nyingi zikapelekwa pembezoni mwa mji, mbali na kazi zao, mbali na jamaa. Mitaa ya Palermo nayo ilipatwa na mambo ya namna hiyo. Ni kana kwamba ile meli ya kwanza imerudi tena kuwagawa watu.

Mtu mwenye busara ya kibinadamu angesema: sasa yamekwisha. Lakini nini kilitokea? Jumapili ilipofika, watu walipanda gari toka kule walikotupwa, wakarudi katika mitaa yao ya zamani na ngoma zao, wakawasha moto kando ya njia, wakapiga. Ua haukuwapo tena, basi wakapiga barabarani. Walipohamia, huko pia wakawafundisha watoto, na mitaa isiyojua candombe ikaijua. Mwaka 2006 sheria iliifanya tarehe 3 Desemba, siku ile ya kuaga, kuwa siku ya taifa ya candombe. Mwaka 2009 shirika la UNESCO liliiandika candombe katika urithi wa wanadamu wote, kama lilivyofanya baadaye, mwaka 2021, kwa rumba ya Kongo yetu.

Tusiseme kwamba heshima hizo zimeponya kila kidonda. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011, watu kama 8 kwa mia walijitaja kuwa wa uzao wa Afrika, nao walikuwa wengi kati ya maskini kuliko hesabu yao ilivyo. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2013 iliagiza kwamba sehemu ya 8 kwa mia ya nafasi za kazi za serikali iwekwe kwa ajili yao. Wapenzi wa mpira nao wakumbuke mwaka 1916. Uruguay iliishinda Chile kwa mabao 4 kwa 0 huko Buenos Aires, na wajumbe wa Chile walilalamika kwamba Uruguay imechezesha «Waafrika» wawili. Hao walikuwa Isabelino Gradín na Juan Delgado, raia wa Uruguay. Gradín alikuwa amefunga mabao mawili. Mwaka 1930, kombe la kwanza la dunia lilipochezwa Montevideo, katika kikosi kilichoshinda alikuwamo José Leandro Andrade, mtu mweusi, ambaye nchi nzima ilimshangilia. Alikufa mwaka 1957 katika umaskini.

Na lugha, je? Lugha za mababu zao zimekufa vinywani mwao. Wanasema Kispania kama wenzao. Hata hivyo maneno machache yamebaki, kama mbegu zilizosahauliwa mfukoni. Kuna aina ya wimbo na ngoma iitwayo milonga, ipendwayo Uruguay na Argentina, hata na watu wasio na babu Mwafrika. Wataalamu hulitoa neno hilo katika Kimbundu cha Angola, ambamo mulonga ni neno, na milonga ni maneno. Msomaji asemaye mti na miti, mto na mito, hahitaji mwalimu wa kumweleza.

Wazazi wapenzi, nimewapeleka mbali si kwa ajili ya kuona majumba tu. Familia zile zilinyang'anywa nchi, zikanyang'anywa majina, kisha lugha, na mwisho hata chumba kimoja cha kupanga. Kitu walichobaki nacho ni kile ambacho baba alikiweka mkononi mwa mtoto wake, na mama katika masikio ya binti yake, Jumapili kwa Jumapili, bila kungoja shule ifundishe wala serikali itoe ruhusa. Sisi nasi twajua habari za kuhama: vita vimewatoa wengi vijijini, na kazi imewapeleka wengine mijini. Nyumba yaweza kuachwa nyuma, na shamba pia. Lakini hadithi za bibi, majina ya ukoo na maana zake, nyimbo za kuvunia na za kubembelezea mtoto hazina uzito wa kumshinda msafiri. Hupotea kwa njia moja tu, nayo ni pale mzazi anaponyamaza.

Jioni hii, baada ya chakula, mwulizeni mtoto wenu mkubwa jina la baba wa babu yake. Akilijua, mshukuruni aliyemfundisha. Asipolijua, usiku bado ni mrefu, na moto haujazimika.