Ungo, Ufagio na Hadithi za Ajabu



Wapendwa wanaparokia, nanyi nyote mnaotusoma kutoka mbali,

Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alitujia sakristia akiwa na kitabu alichokifunga ndani ya kitenge. Hakutaka kukishika kwa mkono mtupu. Alitueleza kwamba alikikuta chini ya godoro la mwanawe, mwanafunzi wa kidato cha pili, na kwamba siku hizi kijana huyo anasoma kwa tochi hadi usiku wa manane. Juu ya jalada palichorwa mtoto mwenye miwani, amepanda ufagio, anaruka angani. "Baba Paroko," alisema, "huku kwetu wanaruka kwa ungo, na Wazungu wanaruka kwa ufagio. Uchawi ni ule ule. Naomba mkichome, na kijana mmwombee."

Kitabu chenyewe kilikuwa cha kwanza katika mfululizo wa Harry Potter, vitabu saba vya mwandishi Mwingereza J. K. Rowling vilivyotolewa kati ya mwaka 1997 na 2007. Hatukukichoma. Lakini hofu ya mama yule haikustahili kuchekwa, wala kujibiwa kwa maneno mawili huku tukivua kanzu. Tumeona ni vema tuitafakari pamoja nanyi juma hili, kwa kuwa tunajua hayuko peke yake.

Tuanze kwa kumpa haki yake. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, kinakataza uaguzi na uchawi bila kumung'unya maneno. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2117, inafundisha vivyo hivyo: kutaka kuzitumia nguvu za giza ili kumtawala mwenzako ni kosa zito, hata kama nia ni kupata afya. Na Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo, alimwonya ajiepushe na hadithi zisizofaa kitu. Tena sisi tunaishi Kigoma. Mtu wa London akisoma habari za wachawi anaweza kufunga kitabu na kunywa chai yake. Huku kwetu neno hilo limewatoa wazee katika nyumba zao, na limemwaga damu. Katika miaka iliyofuata 2007, ndugu zetu wenye ualbino walipowindwa kwa ajili ya viungo vyao katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na ya magharibi, watoto walipelekwa Kabanga, wilayani Kasulu, wapate mahali pa kulala bila kuviziwa. Mama anayeishi katika mkoa huu ana sababu ya kuogopa picha ya mtoto anayeruka angani.

Pamoja na hayo, tunasema kwamba hadithi za ajabu zilizoandikwa vizuri si mlango wa kuingilia katika giza hilo. Twaamini zaweza kuwa miongoni mwa kinga zake. Tuieleze kauli hii hatua kwa hatua.

Kwanza, tujiulize kwa nini wasomaji wanazipenda. Si watoto wa Uingereza tu. Mzee Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, alitujengea kwa Kiswahili nchi ambazo hazimo katika ramani yoyote. Katika Kusadikika, kilichotolewa mwaka 1951, kuna nchi inayoelea angani, na kijana Karama anashitakiwa kwa sababu anataka watu wafundishwe sheria. Naye anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na mema, wakalipwa kifungo. Katika Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, liwali mwema analazimishwa kuwapiga kila usiku manyani wawili, na manyani hao ni ndugu zake wa tumbo moja waliomhusudu, wakageuzwa na jini. Mwishowe anawasamehe, nao wanarudi kuwa watu. Kufikirika ikafuata mwaka 1967, mwandishi akiwa amekwisha kulala kaburini. Vitabu hivyo vina majini, vina nchi za hewani, na hatujapata kusikia mzazi aliyeomba vichomwe.

Wala hatukungoja vitabu. Stanley, aliyelizunguka ziwa letu mwaka 1876, aliandika masimulizi aliyoyapata kwa watu wa Ujiji kuhusu asili ya Tanganyika. Palikuwa na mtu na mkewe waliokuwa na kisima kirefu chenye samaki wasiokwisha, nao walirithishwa siri hiyo kwa sharti la kutoionyesha kwa mgeni. Mume akasafiri. Mke alikuwa na mpenzi wa siri, akampeleka kisimani. Yule mgeni akanyosha mkono amshike samaki, na palepale ardhi ikapasuka, maji yakafunika nchi na watu wake. Leo watoto wanafundishwa shuleni kwamba ziwa lilitokana na bonde la ufa, kwamba umri wake ni mamilioni ya miaka, na kwamba kwa kina chake cha mita 1,470 hivi linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake. Mtoto mwenye akili anayashika yote mawili bila kuyagombanisha. Jiografia inamwambia maji yalitoka wapi. Hadithi inamwambia kwamba amana ikivunjwa nyumbani, madhara hayaishii nyumbani.

Pili, wasomaji wanazipenda kwa sababu ndani yake mdogo ana kazi. Harry ni yatima anayelazwa chini ya ngazi. Frodo, katika vitabu vya The Lord of the Rings vya J. R. R. Tolkien (1954 na 1955), ni mtu mfupi wa kijijini asiyetaka makuu, naye ndiye anayepewa kuibeba pete ambayo wakubwa wanaiogopa. Katika vitabu saba vya Narnia vya C. S. Lewis (1950 hadi 1956), watoto wa kawaida wanaingia kabatini na kukuta nchi inayowahitaji. Kijana wa Ujiji anayeanika dagaa kabla ya kwenda shule, ambaye kila siku anaambiwa anyamaze kwa kuwa ni mtoto, anasoma habari hizo na kujisikia kwamba huenda naye ametumwa jambo. Sisi tunaohubiri kila mwaka juu ya Daudi na lile jitu tusilione hilo kuwa geni.

Tatu, uzuri wa mfululizo ni kurudi. Aliyekimaliza kitabu cha kwanza anajua kwamba wale rafiki zake bado wako njiani, kwamba watakua kama yeye anavyokua, na kwamba baadhi hawatafika. Bibi zetu waliijua siri hiyo walipoikata hadithi mahali pazuri na kutuamuru tukalale. Katika Alfu Lela Ulela, kama mjuavyo, binti mmoja aliokoa maisha yake kwa kutoimaliza hadithi usiku mmoja.

Basi, hatari iko wapi? Hapa tunaomba usikivu wenu wote.

Mpiga ramli chonganishi naye ni msimulizi wa hadithi. Mvuvi akikosa samaki majuma mawili, au mtoto akifa kwa malaria, humwendea, naye humpa hadithi iliyokamilika: ina adui, na adui ni bibi kizee jirani mwenye macho mekundu, ina hazina, na hazina ni utajiri wa haraka, ina kitu cha ajabu cha kuifungulia, na kitu hicho ni kiungo cha mwanadamu. Serikali ilipiga marufuku ramli hizo mwezi Januari 2015, lakini amri haiwezi kuingia kila kibanda. Hadithi ya mpiga ramli hutofautiana na ya kitabu kwa jambo moja kubwa. Kitabu kinakiri tangu ukurasa wa kwanza kwamba kimebuniwa. Mpiga ramli anaapa kwamba yake ni kweli, na mwisho wake hulipwa kwa fedha, au kwa uhai wa mtu.

Aliyezoea hadithi nyingi nzuri anaijua hadithi anapoiona. Huuliza: Nani anasimulia? Anapata nini? Mbona adui ni yule yule asiye na mtoto wa kumtetea? Asiyepata kusoma wala kusimuliwa hana cha kulinganishia. Hadithi ya kwanza itakayomkuta wakati wa msiba ndiyo atakayoiamini. Ndiyo maana tunasema kinga.

Tena tuvitazame vitabu vyenyewe vinamlaani nani. Adui mkuu wa Harry ni mtu aliyewaua wengine ili ajiongezee uhai, na kwa kila uuaji akaipasua nafsi yake mwenyewe. Je, si huyo tunayemjua sisi, anayenunua mkono wa mtoto ili atajirike? Kinachomshinda ni upendo wa mama aliyesimama mbele ya mwanawe akafa. Pete ya Tolkien ni uwezo wa kuwatawala wengine, na fundisho la kitabu kizima ni kwamba haifai kutumiwa hata kwa nia njema, sharti iangamizwe. Mwandishi aliiangamiza tarehe 25 Machi, siku ambayo sisi tunaadhimisha Kupashwa Habari Bwana. Huko Narnia, kijana Edmund anawasaliti nduguze kwa ajili ya peremende, na Simba anakubali kufa mahali pake, kisha anafufuka. Hakuna mkatekista atakayeshindwa kuona hadithi hiyo inaelekea wapi.

Haya hayakutokea kwa bahati. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, katika bara letu, mwaka 1892, alikuwa Mkatoliki. Alifiwa na baba utotoni, na mama yake akafariki mwaka 1904. Aliyebaki kuwa mlezi wake ni padre, Francis Morgan wa Birmingham. Lewis, rafiki yake, alikuwa ameiacha imani, na mazungumzo na Tolkien mwaka 1931 yalimsaidia kuirudia, ingawa alibaki Mwanglikana. Katika mazungumzo hayo walijadili hasa masimulizi ya kale na ukweli unaoweza kukaa ndani yake.

Na Maandiko Matakatifu je? Yothamu, katika Waamuzi 9, aliwasimulia watu wa Shekemu habari za miti iliyotoka kwenda kujitafutia mfalme. Nabii Nathani alipotaka kumfikia Daudi muuaji, hakumlaani mlangoni. Alimpa hadithi ya kondoo mmoja wa maskini, na mfalme akajihukumu kwa kinywa chake. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mifano. Hadithi alizozikataa Paulo ni zile zinazomweka mtu mbali na utauwa. Kipimo ni hicho.

Kwa kipimo hicho hatusemi kila kitabu ni chema. Vipo vitabu, na zaidi filamu zinazouzwa mitaani, ambamo uganga ndio jibu la kila shida na anayeloga kwa ustadi ndiye anayepigiwa makofi. Hivyo tuvikatae. Hata vilivyo vyema si vya kila umri, kwa maana vile vya mwisho vya Harry Potter vina vifo vingi na huzuni nzito. Nasi viongozi wa dini tujihoji. Mara ngapi tumepanda mimbarini tukasimulia habari za mashetani kwa kuzipamba, hata waamini wakarudi nyumbani wakimwogopa jirani kuliko walivyompenda Mungu? Tumewahi kufanya hivyo, na tunaomba radhi. Hadithi ya namna hiyo ni mbaya kuliko ya ufagio, kwa sababu sisi tuliisimulia kama kweli.

Tunawaombeni basi mambo matatu. Wazazi, msikipige marufuku kitabu msichokijua. Kisomeni, au mwambieni mtoto awasimulie. Katika kumsikiliza mtamwuliza nani alitenda haki, nani alisema uongo, na yeye angefanya nini. Walimu na wakatekista, msiwaache watoto wakazijua nchi za ajabu kwa Kiingereza tu, na Kusadikika ikakaa kabatini inaliwa na mchwa. Vijana, someni, lakini msiusome usiku mzima. Hesabu za asubuhi nazo zina haki yake.

Yule mama tulimrudishia kitabu chake. Tulimshauri kwamba jioni, akiwa anapika, amwite kijana aketi karibu na jiko amsimulie kwa Kiha yote aliyoyasoma, tangu mwanzo. Hakukubaliana nasi. Alisema atamsikiliza kwanza, na akisikia neno la kishetani, yeye mwenyewe atakitia motoni. Kisha akakifunga tena ndani ya kitenge chake, akaenda zake.

Sisi tumeona amejibu vema. Mama anayesikiliza kabla ya kuwasha moto ameanza kufanya lile tunalotamani mkoa mzima ulifanye, siku bibi kizee wa jirani atakapotajwa jina.

Mungu awabariki nyote, na Mama Maria awaombee.

Paroko wenu