Mwalimu Anayemgeukia Mwanafunzi wa Nyuma



Septemba 2025 Shule ya Upili ya Wavulana ya Litein ilifungwa baada ya fujo na uharibifu, wiki chache tu kabla ya KCSE. Wazazi wakatakiwa kulipa zaidi ya shilingi 49,000 kwa kila mwanafunzi, na mambo yakafika mahakamani. Tangu hapo tunajadili hasara na nidhamu tu. Sawa, kuharibu mali ni dhulma, hatutetei. Lakini kuna swali la shule zetu zote: yule kijana anayepata D tangu Kidato cha Kwanza, ni mwalimu gani anayemjua?

Unamjua kijana huyu. Mzazi anachuma majani chai, karo inakwama, mtoto anatumwa nyumbani. Akirudi, wenzake wako mbali. Anakaa nyuma, ananyamaza. Shule inakimbiza wastani wa KCSE, kwa hivyo macho yote yako kwa wale wa A na B. Huyu anaitwa mzembe, basi.

Sasa tazama kaunti jirani ya Nakuru. Kule Njoro, katika shule ya kutwa ya Keriko, Peter Tabichi alifundisha hesabu na fizikia. Darasa lilijaa, kompyuta ilikuwa moja, wanafunzi wengi walitoka kwa maskini na wengine ni yatima. Alitoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia wahitaji, akafundisha wanafunzi wanyonge wikendi na kuwafuata hadi majumbani. Machi 2019, Dubai, akatunukiwa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani. Yeye ni mtawa wa Kikatoliki, na haki inatutaka tumsifu kwa wema wake.

Sisi Waislamu somo hili tunalo tayari. Sura ya Abasa iliteremka kwa sababu ya Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu aliyekuja kutafuta elimu wakati Mtume (s.a.w.) akizungumza na wakubwa wa Kikureshi. Mwenyezi Mungu akamkumbusha Mtume Wake kuhusu yule aliyekuja mbio akiwa na hamu. Ikiwa Mtume alikumbushwa, sembuse mwalimu wa leo?

Kwa hivyo mwalimu wa kutia moyo si yule wa hotuba tamu siku ya maombi ya watahiniwa. Ni yule anayeuliza, "Jana hukuja, kulikoni?" Ni yule anayeonyesha hesabu mara ya tatu bila matusi. Na si wa kiboko: adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaifanya kosa la jinai.

Mzazi, mkutano wa shule usiuachie wengine. Nenda. Usiulize tu wastani ni ngapi, uliza waliokuwa na D wangapi wamepanda, na nani anawashika mkono. Ukimpata mwalimu wa aina hii, mshukuru mbele ya watu na umtetee akisumbuliwa. Elimu ni haki ya kila mtoto chini ya Kifungu cha 53 cha Katiba, na mtoto wa nyuma naye ni mtoto.

Allah awape walimu wetu subira na watoto wetu ufahamu. Amin.