Umeme wa majitaka: Faida iko katika usafi, si katika taa

LISEMWALO lipo, na kama halipo laja. Habari kwamba maji machafu ya vyooni yanaweza kuwasha taa si mzaha, wala si ngeni.

Mnamo 1911, Michael Potter wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, alionyesha kuwa vijidudu vinaweza kuzalisha umeme. Baadaye ilibainika kuwa bakteria kama Geobacter, wanapokula uchafu mahali pasipo oksijeni, hutoa elektroni nje ya miili yao. Elektroni hizo zikipokelewa na kipande cha kaboni na kupitishwa kwenye waya hadi kipande kingine kinachopata hewa, umeme hupatikana huku maji yakitakata.

Mwaka wa 2004, Bruce Logan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walifaulu kufanya hivyo kwa majitaka ya majumbani.

Mbona basi miji haijaukumbatia uvumbuzi huo? Sababu ni kwamba seli moja hutoa chini ya volti moja, na chombo kikipanuliwa, umeme unaopatikana kwa kila lita hupungua. Hivyo, anayewaahidi wananchi kuwa vyoo vitawaondolea bili za umeme anawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Faida halisi iko kwingine. Mitambo mingi mikubwa duniani hupuliza hewa ndani ya majitaka ili bakteria wa kawaida wapumue, kazi inayomeza karibu nusu ya kawi ya mtambo. Bakteria hawa hawahitaji kupuliziwa.

Hata hivyo, Nairobi haitaokoa mengi kwa njia hiyo, kwa kuwa kituo chake kikuu cha Ruai hutegemea mabwawa yanayosafishwa na jua na vijidudu.

Watakaonufaika zaidi ni wale ambao bomba la majitaka halijawafikia. Mwaka wa 2017, watafiti kutoka Bristol, Uingereza, walitumia mkojo kuwasha taa za vyoo katika shule ya wasichana wilayani Kisoro, Uganda. Mwanga huo ni hafifu, lakini kwa msichana anayetoka bwenini usiku wa manane, huo ndio usalama wake.

Kenya ina shule nyingi za bweni zenye hali kama hiyo. Serikali na vyuo vikuu vyetu vianzie huko, vikieleza wazi gharama na kiwango cha usafi kinachopatikana, kabla ya yeyote kuuziwa ndoto ya umeme wa bure.